Mchinjaji Aliyetafuta wa Kumpeleka Porini

Waliokuwa wakinunua nyama katika soko la Mbarara miaka ya themanini walimjua Sulait kwa mwendo wake kabla ya kumjua kwa jina. Alikuwa mchinjaji, mtu mwembamba wa miaka arobaini na mitatu, na alitembea kama mtu aliyesikia anaitwa. Chai aliinywa ikiwa bado inaunguza. Akizungumza na mtu, mguu mmoja ulikuwa tayari umeelekea anakokwenda. Machinjioni hiyo ilikuwa sifa, maana ng'ombe kumi walikuwa wamekwisha kuchinjwa, kuchunwa na kuning'inizwa kabla wenye mabucha hawajafungua milango. Nyumbani, mkewe Saudah alikuwa amezoea kumalizia maneno yake peke yake, mumewe akiwa amekwisha kutoka.

Baba yake, Mzee Muzafaru, alikuwa mwindaji. Zamani za Waingereza aliwabebea bunduki wageni waliokuja kuwinda, na baadaye akapata bunduki yake mwenyewe, ya risasi moja moja, yenye kitako cha mti kilichopasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Alikuwa na wana wawili. Faruku, mkubwa, alikwenda naye porini tangu ujana wake. Sulait hakuchukuliwa hata siku moja. Alipoomba, baba alimjibu kwamba mguu wake una kelele. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema kuwa kiatu fulani hakimtoshi fulani. Sulait alilibeba neno hilo karibu miaka thelathini.

Faruku alikufa katika vita vya mwaka 1979. Mzee Muzafaru alifariki Januari 1988, kwa ugonjwa wa kifua. Bunduki ilikuwa imehifadhiwa polisi, na kufikia Machi, baada ya barua tatu na picha nne, iliandikishwa kwa jina la Sulait. Alikabidhiwa pamoja na risasi tano. Aliiweka kabatini chini ya mablanketi na kwa wiki mbili hakuigusa. Kisha, wakati wa kufuturu siku moja ya Ramadhani, akamwambia Saudah kwamba anataka kwenda kuwinda, mara moja tu, mnyama mkubwa.

"Unachinja wanyama wakubwa kumi kila siku," Saudah alisema.

"Wale hufika wamefungwa kamba."

Saudah alimsogezea sahani ya tende.

Baada ya Idi, Sulait alipanda kilima cha Kamukuzi hadi ofisi inayoshughulikia wanyama wa porini. Karani aliyempokea aliitwa Molly, mama wa makamo aliyekuwa na mafua na kitambaa mkononi. Alisikiliza, akafungua faili, akamweleza kwamba uwindaji wa kujifurahisha haukuruhusiwa. Lakini huko Nakivale, katika makazi ya wakimbizi, pofu kadhaa walikuwa wakiingia kwenye mashamba ya maharage upande wa Kashojwa. Pofu ni jamii ya swala, ila ukubwa wake ni wa fahali, na usiku mmoja hula shamba ambalo mtu amelipalilia miezi miwili. Watu walikuwa wameleta malalamiko. Ofisi ilitaka dume mmoja aondolewe, ikitumaini kwamba wenzake watahama.

"Bunduki unayo na karatasi zake ni sawa," Molly alisema. "Kibali kitakuwa cha siku ishirini, kuanzia leo. Ila hapa chini kuna mstari, unauona? Jina la mtu atakayekuongoza. Awe anaijua ile nchi. Bila jina hilo sipigi muhuri."

Sulait alitaka kuandika jina palepale. Hakuwa na jina la kuandika.

Mtu wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Koplo Aloysius, mwanajeshi wa kambi ya pale mjini, ambaye mkewe alinunua nyama kila Jumamosi. Aloysius alikuwa na kifua kipana na sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Sulait alipomdokezea habari ile mbele ya bucha, koplo aliweka mkono begani pake.

"Mzee, hii kazi ni ya mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Ile pori yote mimi nalijua. Nililala huko miezi minane wakati wa vita. Wewe lete mafuta ya gari tu. Mimi nakuja na bunduki ya serikali. Hata kama wako kumi, tunamaliza asubuhi, saa nne tuko hapa tunakunywa chai."

Maneno hayo yalimwingia Sulait vizuri, hasa hilo la saa nne. Alimkaribisha nyumbani siku iliyofuata. Koplo alikula wali, akasimulia nyati aliowaua, na nyumbu, ingawa nyumbu hawapatikani sehemu zile. Saudah alikuwa akipanga vikombe. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Afande, siku uliyomkosa mnyama ilikuwaje?"

"Mimi, kukosa?" Aloysius alicheka. "Mama, mimi sijakosa hata siku moja."

Alipoondoka, Saudah alifuta meza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Baba yako aliwinda miaka arobaini," alisema mwishowe. "Nilikaa naye nyumba hii miaka kumi na minne. Nyama aliyoleta naikumbuka. Lakini hadithi zake karibu zote zilikuwa za wanyama waliomponyoka."

Sulait alikasirika, akasema kwamba wanawake hupenda kukwamisha mambo. Hata hivyo, hakuliandika jina la koplo.

Siku tatu baadaye alipanda pikapu ya wafanyabiashara wa mahindi, akashuka Kashojwa. Alikuwa ameambiwa amtafute mtu aitwaye Wilondja, mkimbizi kutoka Zaire, aliyekuja baada ya uasi wa kwao wa miaka ya sitini, na ambaye watu walisema ni mwindaji. Alimkuta ameketi kando ya mtumbwi uliopinduliwa, akiziba ufa kwa lami. Alikuwa mzee mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Jicho la kushoto lilikuwa na utando mweupe.

Wilondja alimsikiliza huku akiendelea na lami.

"Mi ni mutu ya maji," alisema. "Kiboko, ndiyo. Kiboko nilipiga mingi, tangu kwetu Fizi. Lakini pofu anatembea ku majani, na ku majani mi sioni muzuri. Jicho moja ilikufa. Nikisema nitakupeleka, nitakudanganya, na wewe utarudia Mbarara na mikono bule."

"Sasa nani ataweza?"

Wilondja alinyoosha brashi yake ya lami upande wa Kabazana. "Kule kuko mama moja, anaitwa Enid. Ngombe yake inakulaka pamoja na bale banyama, fasi moja. Ule mama anabajua bote, moja moja. Lakini," akaongeza, akamwangalia Sulait kwa lile jicho zima, "hapendaka batu ya mbio."

Enid Kobusingye alikuwa Mnyankole aliyeolewa na Mnyarwanda. Mwaka 1982, watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa katika vijiji vya Ankole, yeye na mumewe waliswaga ng'ombe wao hadi Nakivale, wakajenga upya kwa miti na nyasi. Mumewe alifariki mwaka wa pili. Ndugu zake Enid walimtumia ujumbe arudi kwao, kwa kuwa yeye hakuwa mkimbizi. Alijibu kwamba ng'ombe wamezoea maji ya pale. Sasa alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kiko mdomoni ambacho mara nyingi hakikuwa na moto, na alikuwa na sifa ya kutojibu salamu mpaka amalize anachofanya.

Alipofikiwa na Sulait alikuwa akimtoa kupe ng'ombe sikioni. Alimaliza sikio moja, akahamia la pili. Ndipo akasema, "Ndiyo, sebo."

Walizungumza Kinyankole, ambamo kwa heshima mwanamume huitwa sebo na mwanamke nyabo. Sulait alieleza haja yake haraka haraka, kibali, bunduki, siku ambazo tayari zilikuwa zimebaki kumi na sita.

"Wewe kazi yako ni nini?"

"Mchinjaji."

"Umewahi kumfuata mnyama aliyeumia?"

"Hapana, nyabo."

"Umewahi kumpiga risasi mnyama yeyote?"

"Hapana."

Enid alitikisa kichwa, ikawa vigumu kujua kama ni kwa kukubali au kwa kukataa. "Angalau husemi uongo," alisema. Akampa masharti yake, akiyataja huku akimpapasa ng'ombe shingoni. Atapigwa dume atakayemtaja yeye, si mwingine, kwa maana madume ni watatu na mwenye kula maharage ni mmoja. Sulait hatafyatua mpaka aambiwe. Mnyama akijeruhiwa, hakuna kurudi nyumbani hadi mambo yaishe. Na kabla ya yote, Sulait aje siku moja nzima bila bunduki.

"Bila bunduki nije kufanya nini?"

"Kutembea," Enid alisema. "Nataka kuona unavyotembea."

Sulait alirudi Mbarara amekunja uso. Alimwambia Saudah kwamba ameombwa kwenda kufanyiwa mtihani na mwanamke mwenye kiko. Alisema pia, na hilo lilikuwa kweli, kwamba watu watasema nini wakisikia mchinjaji wa Waislamu anazunguka porini na mjane wa watu.

"Hawatasema lolote," Saudah alijibu, "kwa sababu nitakuwepo."

Sulait alidhani anatania. Asubuhi ya safari alimkuta mlangoni amevaa gambuti zake yeye Sulait, zilizojazwa matambara penye vidole, kitenge kimefungwa juu ya magoti, na chakula cha siku mbili ndani ya kikapu. Binti yao Mastulah, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, aliachiwa nyumba. Njiani Sulait alipita Kamukuzi, na kwenye ule mstari Molly akaandika: Enid Kobusingye, Kabazana.

Siku ile ya kutembea ilimchosha Sulait kuliko siku yoyote ya machinjioni. Enid alitembea taratibu kiasi cha kumuudhi, akisimama bila sababu inayoonekana. Mvua za masika zilikuwa zikimalizika. Nyasi zilifika kiunoni na ardhi ilikuwa laini. Alionyesha nyayo. Alisema dume yule mla maharage ni mzee, rangi yake imegeuka kijivu cha majivu, na kwato lake la mbele la kushoto limemeguka ncha. Saudah aliinama, akaweka kidole kwenye alama hiyo, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akiiona kwanza.

Adhuhuri walikaa kwenye kichaka cha migunga juu ya ziwa. Enid aliinua mkono. Sulait hakuona kitu. Kisha alisikia sauti ndogo, tik, tik, kama mtu anayevunja vijiti vikavu kwa vidole.

"Magoti yake," Enid alinong'ona. "Dume mkubwa wa pofu magoti hulia akitembea. Wengine utawasikia, ila huyu ni mzito zaidi."

Pofu wanane walipita chini yao, hatua mia moja hivi. Yule wa kijivu alikuwa wa mwisho, ngozi ya koo ikining'inia kama pazia, pembe zimejipinda kama kamba iliyosokotwa. Sulait alikuwa ameshaona ng'ombe maelfu. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kumtazama mnyama kwa muda mrefu namna ile bila kuwa na kisu mkononi. Alipotaka kusogea aone vizuri, kijiti kikavunjika chini ya kiatu chake, na wote wanane wakatoweka, wakiruka vichaka vinavyomzidi mtu urefu.

Enid hakumlaumu. "Umetembea vibaya," alisema tu. "Lakini njoo na bunduki wiki ijayo."

Walirudi Jumanne. Sulait alikuwa ametumia risasi moja kuijaribu bunduki kwenye kichuguu, akabaki na nne. Walifikia kwa Wilondja, ambaye mkewe alimpa Saudah chumba na kuwapikia ugali wa muhogo.

Asubuhi ya kwanza walilikuta kundi karibu na ziwa, mahali mafunjo yanapokutana na nyasi. Dume wa kijivu alisimama ubavu wazi, hatua themanini. Sulait alipiga goti. Alikuwa ameshaweka jicho kwenye shabaha aliposikia kiganja kikishika mtutu na kuusukuma chini.

Alimgeukia Enid kwa hasira. Yeye alikuwa akitazama mbele. Pofu walikwisha kushtuka na kukimbia. Baada ya muda kidogo, mafunjo nyuma ya pale aliposimama dume yalitikisika, wakatoka wanawake wawili na mizigo ya mafunjo vichwani, wakizungumza. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

Sulait aliketi chini. Alitoa risasi kwenye bunduki, akaishika kiganjani, na hakuinuka mpaka wanawake wale walipofika, akawasalimu. Walijibu salamu, wakaenda zao. Hawakujua lolote, na hakuna aliyewaambia.

"Uliwaonaje?" Saudah alimuuliza Enid.

"Sikuwaona. Ndege hawakutua pale. Ndege wasipotua, kuna mtu."

Mtu angedhani baada ya hapo Sulait angesubiri. Asubuhi ya pili, walimpata tena yule dume, safari hii peke yake, kwenye mteremko usio na mafunjo wala njia ya watu. Enid alikuwa ameridhika na pale, lakini mnyama alikuwa amegeuka nusu, makalio kwao, na Enid alisema kwa mkono: ngoja ageuke. Dume alikula jani, akainua kichwa, akala tena. Ilipita dakika moja, labda mbili. Sulait alisema Bismillah kwa sauti ndogo, akafyatua.

Dume alijikunja mgongo, akaruka mara moja, akaingia kichakani.

Enid alitoa kiko mdomoni, akakitia mfukoni, akateremka hadi pale mnyama alipokuwa. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Sulait hakuhitaji kuelezwa. Tumbo la mnyama alilijua ndani na nje.

"Tumbo," alisema.

"Tumbo," Enid alikubali. "Ni saa mbili asubuhi sasa. Tukae nusu saa, asijue anafuatwa. Kisha tutakwenda."

"Niliona kama anaondoka."

"Hakuwa anaondoka."

Waliketi. Ilikuwa nusu saa ndefu.

Kumfuata kulichukua saa saba. Enid aliwapanga hivi: Saudah alisimama kwenye alama ya mwisho ya damu au ya mguu, hakuruhusiwa kuondoka, na wawili waliosalia walizunguka mbele taratibu mpaka waipate inayofuata, ndipo Saudah akaitwa, akahamia hapo. Pengine alama zilikaribiana hatua tano. Pengine walitafuta nusu saa kwa tone moja chini ya jani. Mara mbili waliipoteza kabisa, na mara zote mbili Saudah, kutoka pale aliposimama, aliwaelekeza kwenye kwato lililomeguka ncha.

Sulait alitembea akiwa ameinama. Mwanzoni alikuwa akihesabu muda uliopotea, kisha akaacha. Walipita mahali dume alipolala. Nyasi zilikuwa zimelowa, bado za moto. Wakapita mahali alipojaribu kupanda ukingo akashindwa, udongo umechimbwa kwa kwato. Sulait alisimama pale, akaweka mkono kwenye michirizi ile.

"Mimi kazini ng'ombe hawachukui dakika mbili kufa," alimwambia mkewe. "Kisu nakinoa kikawa chembamba, wala hawasikii."

"Najua."

"Huyu ni tangu asubuhi."

Saudah alimpa maji. Alikunywa taratibu, akamrudishia.

Kuna jambo jingine lililomsumbua, la dini. Mnyama aliyepigwa kwa jina la Mungu na kukutwa amekufa kwa jeraha lile huliwa. Lakini Sulait alijua kwamba akitoweka machoni kwa muda mrefu, akaonekana siku ya pili, watu wataanza kuulizana kama nyama yake ni halali. Hakulisema hilo kwa Enid. Alisema tu kwamba ingekuwa vizuri wamkute yu hai.

"Kwako ingekuwa vizuri," Enid alijibu. "Kwake ingekuwa vizuri amekwisha kufa. Twende."

Walimkuta karibu saa tisa na nusu alasiri, kwenye ghuba ndogo ya ziwa, miguu ya mbele ndani ya maji. Alikuwa amesimama, kichwa chini. Aliwaona, wala hakukimbia. Enid aliinama kuangalia ng'ambo ya maji, kulia, kushoto. Aliwatazama ndege. Kisha akamwambia Sulait, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti, "Sasa. Nyuma ya bega. Usiwe na haraka, hana pa kwenda."

Sulait alisubiri mpaka pumzi yake ikatulia. Alisubiri hata baada ya hapo. Akasema Bismillah, akafyatua, na dume akapiga magoti, kisha akalala ubavu majini. Sulait alikuwa amekwisha kutupa bunduki kwenye nyasi na kuchomoa kisu. Alimfikia angali anapumua. Alimshika pembe, akakielekeza kichwa kibla, na kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa akaifanya kwa mkono uleule mwepesi, maji ya ziwa yakimfika mapajani.

Baadaye alikaa ukingoni nguo zikidondoka maji. Enid aliwasha kiko kwa mara ya kwanza siku hiyo nzima.

"Nilikuwa na haraka," Sulait alisema.

"Nilikuona."

"Mbona hukunizuia kama jana?"

"Jana kulikuwa na watu." Enid alivuta moshi. "Nilikuwa mbali na mkono wako. Na sikufikiri utafanya hivyo baada ya jana. Hapo nilikosea mimi pia."

Dume huyo alikuwa na uzito wa ng'ombe wawili wa kienyeji. Saudah alikwenda kwa miguu kumwita Wilondja, naye akaja na mtumbwi wake na majirani wawili. Jicho lake bovu halikumzuia. Majini alipiga kasia kama kijana. Sulait alimchuna na kumkata pale ukingoni, na watu wa Kashojwa waliokuja kuangalia walisogea kumtazama mikono, kwa maana hawakuwa wamemwona mtu akimfungua mnyama mkubwa namna ile bila kutoboa ngozi hata mahali pamoja. Kwa sharti la ofisi, nyama ilibaki Nakivale, igawiwe walioharibiwa mashamba. Pembe zilipelekwa Kamukuzi. Molly alizipima kwa futi, akaandika urefu, akauliza kama kulikuwa na tatizo lolote.

"Nilimpiga vibaya mara ya kwanza," Sulait alisema. "Andika hivyo."

Molly alisema fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Akapiga muhuri.

Bucha kwa bucha watu walitaka kusikia habari za pofu. Koplo Aloysius alikuja mwenyewe, akauliza walimaliza saa ngapi. Sulait alimweleza yote, tangu wanawake wa mafunjo hadi zile saa saba, bila kupunguza. Koplo alisikiliza, akasema bunduki ya zamani ndiyo yenye makosa, akanunua kilo mbili za mifupa na kwenda zake. Wengine walidhani Sulait amepata aibu na wakaacha kumuuliza. Yeye aliendelea kumsimulia kila aliyetaka.

Hakuwinda tena. Leseni ya bunduki ilipomalizika mwaka uliofuata, aliirudisha polisi pamoja na risasi mbili zilizobaki, akatia sahihi. Machinjioni aliendelea kuwa mwepesi kama zamani. Kazi ile haingojei. Ila Saudah alisema mumewe alikuwa ameanza kukaa mpaka chai ipoe, na kwamba ilimchukua muda yeye Saudah kuzoea kuwa na mtu wa kujibu maneno yake.

Pofu walihama Kashojwa kwa msimu huo. Wawili walirudi Desemba, wakala maharage ya jirani wa Enid na kuyaacha ya Enid, jambo lililosababisha maneno mengi pale kijijini.

Urafiki uliodumu ulikuwa wa wanawake wawili. Enid alikuwa akimtumia Saudah samli kwenye chupa, kupitia pikapu ya mahindi, na Saudah akimrudishia chumvi, sabuni na tumbaku. Barua hawakuandikiana, maana Enid hakujua kusoma. Mastulah alipoolewa, Agosti 1989, Saudah alituma ujumbe, bila kutarajia sana. Enid alikuja. Hakuwa ameukanyaga mji wa Mbarara tangu mwaka 1982. Alivaa shuka jipya la kijani, akaketi na wanawake mkekani, akapokea pilau na kula yote. Sulait alipopita kusalimu wageni alipiga goti mbele yake kidogo, kama anavyomsalimu dada wa baba yake, akamuuliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi zao, na Enid akamjibu kila mmoja. Watu walikuwa wakimwita huku na huko. Alibaki pale mpaka ng'ombe wakaisha.

Saa tisa Enid aliinuka, akasema kuna wa kukamua. Saudah alimsindikiza hadi kwenye pikapu, akamfungia nyama ya arusi kwenye majani ya mgomba.